Kompaila Tatu za Bure na Kiti cha Mwalimu

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimemaliza programu yangu ya mia moja ya kompyuta. Mia! Mimi, seremala mstaafu, darasa la nne, kwa vidole hivihivi vilivyoshika randa miaka arobaini.

Sawa. Shajara haina mtu wa kudanganywa. Si mia. Ni tatu. Na ya tatu ni ile ya pili niliyoibadilisha rangi. Lakini rangi yenyewe ilinichukua siku mbili, kwa hiyo na ihesabiwe.

Kikao cha chama kilikuwa cha moto. Chama chetu ni cha watu wazima wanaojitengenezea programu kwa kujifurahisha. Tuko wanne. Tunakutana chumba cha nyuma cha duka la kushonea, katikati ya marobota ya vitambaa, na kompyuta ya chama iko juu ya meza ya pasi. Mwenyekiti ndiye mwenye duka, fundi cherehani, mama mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani, na kila siku anatafuta ya tatu. Wa pili ni kinyozi wa duka la jirani, ambaye huja zaidi kwa ajili ya maneno. Wa tatu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mpima ardhi mstaafu. Tunamwita Mpima. Wa nne ni mimi, wananiita Randa. Mimi ndiye chumvi ya chama.

Habari yenyewe: watu wanane wamejiandikisha kuja kujifunza kila Jumamosi. Wanane! Mwenyekiti akasema sasa lazima tuchague kompaila moja. Kompaila ni kile kinachoyachukua maneno uliyoandika na kuyageuza kuwa programu inayofanya kazi, kama kiwanda cha mbao kinavyogeuza gogo kuwa ubao. Za bure ziko tatu zinazotufaa, na zote zinaelewa lugha moja, lakini diski ya kompyuta ya chama ni ndogo kama kibweta cha hereni. Inaingia moja tu. Atakayeleta ulinganisho wa kuaminika Jumamosi, kompaila yake itawekwa, na yeye ndiye atakayefundisha.

Mimi na shemeji tukanyoosha mikono pamoja. Akadai wake ulitangulia. Akasema yeye ni mpima, anajua umbali.

Nimeitwa fundi. Nimeitwa mzee, babu, Randa, na mengine ambayo mke wangu huyasema akiwa peke yake na sufuria. Mwalimu sijaitwa hata kwa bahati mbaya. Nataka. Basi.

Jumanne, 3 Juni

Nimeanza kuzikusanya zote tatu kwenye kompyuta yangu ya mezani, ile niliyopewa na ofisi iliyokuwa ikihama. Feni yake inanguruma kama msumeno wa umeme, lakini inakwenda. Majina halisi ya kompaila hizi ni herufi na namba tupu, hayatamkiki bila kutema mate. Nimezibatiza.

Buluu. Skrini ya bluu, vitufe unavichora kwa kipanya na kuvisogeza unapotaka. Ndiyo ninayoijua. Ya zamani lakini imara. Tunafanana.

Jitu. Wanasema ndani yake kila kitu kimo. Imeanza kujipakua asubuhi. Sasa ni saa kumi jioni na imefika asilimia sita.

Mkimya. Haina vitufe, haina picha. Skrini nyeusi na kamstari kanakopepesa macho. Unaandika amri, unabonyeza, unangoja. Hii ndiyo kipenzi cha shemeji. Hiyo peke yake ni kasoro ya kwanza.

Wakichagua Mkimya, shemeji atasimama mbele na mimi nitakaa benchi pamoja na wale wanane. Halitatokea nikiwa hai. Nikifa nitalifikiria.

Mpango: nitalinganisha kwa haki kabisa, kisha Buluu itashinda.

Jumatano, 4 Juni

Nimeandika programu ya jaribio. Programu ya Mbao! Unaingiza urefu wa ubao na idadi ya vipande, unabonyeza kitufe kilichoandikwa KATA, inakuambia kila kipande kiwe na urefu gani. Tena inapunguza na unene unaoliwa na meno ya msumeno, jambo ambalo mpima ardhi hawezi kuliota. Buluu imeitengeneza bila tatizo.

Mchana akaja shemeji. Eti amekuja kumsalimia dada yake. Akanywa chai yangu, akakalia kiti changu, akamuuliza mke wangu mwanafunzi wake anaendeleaje. Mwanafunzi, yaani mimi! Akaja kuchungulia skrini, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kama programu hii inajua kuhesabu vidole vikiisha. Mke wangu akacheka. Miaka thelathini na saba nimeishi naye, anacheka upande ule! Nikamwambia shemeji kwamba mashamba aliyoyapima, wenyewe wanatafuta mipaka hadi leo. Akasema hajambo, anashukuru kwa chai.

Alipotoka nikabadilisha programu. Sasa ukibonyeza KATA inatokea sentensi moja kwa herufi kubwa: SHEMEJI MPIMA HAJUI HATA UREFU WA PUA YAKE. Pua yenyewe, kwa taarifa ya vizazi vijavyo, ni ndefu.

Nimeibonyeza mara kumi na nne. Raha! Sikuifunga. Nimeisogeza nyuma ya madirisha mengine ya skrini, nikichoka naichungulia.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya majaribio. Nimeyafuta yale maneno ya pua, mimi ni mtu mzima. Nimerudisha hesabu, nikaongeza chini yake: KARIBUNI NYOTE DARASANI. Kisha nikaipa kila kompaila maandishi yaleyale, saa ya ukutani mbele yangu.

Buluu: sekunde moja! Sijamaliza kuinua kidole kwenye kitufe, imemaliza. Chini ikaandika mstari mwekundu wa Kiingereza. Sikusoma neno, Kiingereza changu kinaishia kwenye majina ya misumari. Lakini wekundu naujua. Mihuri yote ya maana ni myekundu. Daftari langu la darasa la nne lilijaa wino mwekundu kurasa zote, na mwalimu hakunifokea hata siku moja. Aliniambia tu nisirudi.

Nikatafuta dirisha la programu. Lipo, limesimama! Safi. Sikubonyeza KATA. Kitu ninachokijua nikijaribu cha nini?

Mkimya: sekunde nane. Kisha kamstari. Kisha hakuna. Hakuna pole, hakuna asante, hakuna "nimeshindwa mzee wangu". Nikarudia. Kimya. Nikagonga ubavu wa kompyuta. Kimya. Nimeandika: imegoma, imenuna kama Mpima mwenyewe.

Jitu: ilifika asilimia tisini na mbili, diski ikajaa, ikazimika. Imefia njiani. Mungu ailaze pema.

Mke wangu akapita na ndoo, akauliza ule mstari mwekundu unasema nini. Nikamwambia unatoa pongezi. Akauliza mbona pongezi zina pembetatu yenye alama ya mshangao katikati. Nikamweleza kwamba ile ni paa la nyumba, maana yake kazi imeezekwa. Akaweka ndoo chini. Akasema kwao, kitu chekundu kikiwaka, watu husimama. Kwao ndiko alikotoka Mpima, kwa hiyo sishangai.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeandika ripoti. Kurasa mbili, mistari imenyooka kwa rula ya chuma. Buluu: kumi kwa kumi. Mkimya: moja, kwa sababu ni ya bure. Jitu: sifuri, pamoja na rambirambi. Nimeiweka programu ya Buluu kwenye flashi, na maandishi yake pia, ili wajinga waone hati yangu.

Nikaenda kwa kinyozi kujipanga. Nikamtaka kesho nikishauliza nani ajaribu, yeye ndiye anyooshe mkono, ajifanye ana shelfu la kukata, kisha ashangae kwa sauti. Akakubali. Ila akauliza kama mimi mwenyewe nimeshaijaribu. Nikamwambia fundi hakalii kiti alichotengeneza ili aone kama kitavunjika, hiyo ni kazi ya mteja. Akanionyesha kile kiti cha kunyolea nilichomtengenezea, kimefungwa kamba sehemu tatu. Akasema alikuwa anajiuliza siku zote.

Kinyozi ana maneno mengi kwa mtu mwenye mkasi mmoja.

Nyumbani nikapiga pasi shati. Nikasimama mbele ya kioo cha kabati nikasema polepole, "Mimi ndiye mwalimu wenu." Nikarudia kwa sauti nzito zaidi. Mke wangu akauliza kutoka chumba cha pili naongea na nani. Nikasema naongea na watu wanane. Akasema niwaambie wafunge mlango wakitoka.

Jumamosi, 7 Juni

Nitaandika yote. Siogopi mtu.

Chumba kilijaa, na ukutani Mwenyekiti alikuwa ameshatundika ubao mweusi wa chaki. Wale wanane walikuja kweli: nesi mmoja, wafanyakazi wawili wa posta, dada wawili wanaouza viatu, mwoka mikate mwenye unga masikioni, na wazee wawili ambao nadhani waliingia wakitafuta suruali zao lakini wakakaa. Mwenyekiti akavaa miwani zote mbili kwa pamoja.

Shemeji akaanza. Shati jeupe, penseli sikioni, futikamba mfukoni kama kawaida yake, maana hata msibani huenda nayo. Akafungua Mkimya. Skrini nyeusi. Akaandika amri moja, akabonyeza. Kimya.

Nikaona hapahapa ndipo pa kummaliza. Nikauliza kwa sauti kama imekufa au inasali. Watu wakacheka! Mwoka mikate alicheka hadi unga ukamwagika. Shemeji akangoja wamalize. Akasema kwa upole, ule upole wake wa kuudhi, kwamba shemeji yake ameuliza swali zuri: kompaila hii ikinyamaza maana yake imefaulu. Husema tu ukikosea. Akafungua programu yake, ikafanya kazi.

Nikakumbuka zile sekunde nane za Alhamisi. Nikazipuuza. Nimepuuza makubwa zaidi.

Zamu yangu. Nikasoma ripoti yote, kurasa mbili, bila kuruka hata rambirambi. Nikasema Buluu sekunde moja, Mkimya sekunde nane kisha kununa. Nesi akaandika kwenye daftari lake. Anaandika ninachosema! Hakuna aliyewahi kuandika ninachosema, isipokuwa polisi mara moja, na ilikuwa habari ya baiskeli.

Nikachomeka flashi. Dirisha likatokea, zuri, limenyooka. Nikauliza nani ajaribu. Kinyozi akanyoosha mkono haraka mno, kabla sijamaliza swali, lakini sawa. Akaja mbele. Akasema ana ubao wa sentimita mia mbili na arobaini anataka vipande vinne, na kusema kweli amekuwa akilitafuta jibu hili usiku na mchana. Alizidisha. Akabonyeza KATA.

Mwenyekiti hakuona vizuri, akamwomba asome. Na kinyozi, mtu asiye na breki, akasoma kwa sauti ya muadhini wa soko: SHEMEJI MPIMA HAJUI HATA UREFU WA PUA YAKE.

Kukawa kimya. Kile kimya cha kufaulu, kwa mujibu wa shemeji.

Niliangalia dari. Dari ya Mwenyekiti ina nyufa tatu, na ningeweza kuzifunga kwa siku moja.

Kisha nikasikia kitu kikikwaruza. Shemeji alikuwa anavuta futikamba. Akaweka ncha kati ya nyusi, akaishusha taratibu hadi mwisho wa pua, mbele ya watu wote, akapeleka jicho kwenye namba. Akatangaza sentimita sita na nusu. Akasema asante shemeji, sasa najua.

Chumba kilipasuka. Wale dada wa viatu walishikana. Mzee mmoja wa suruali alilazimika kutoka nje kukohoa. Mwenyekiti alilia hadi miwani moja ikaanguka, nadhani ile ya puani.

Nikasema kwa sauti kwamba hii ni hujuma, maneno yale niliyafuta Alhamisi. Shemeji akaniuliza kama niliifunga programu kabla ya kuitengeneza upya. Nikasema nifunge kwa nini, na ilikuwa inanifurahisha? Hapo akageukia watu, akawaeleza. Programu ikiwa bado imefunguliwa, Buluu haiwezi kuandika mpya juu ya ile ya zamani. Inashindwa, inaiacha ya zamani ilivyo, na inakuambia hivyo kwa maandishi mekundu. Ndiyo maana ilimaliza kwa sekunde moja: haikufanya kitu. Nesi akauliza kwa hiyo nyekundu ni kosa, na kimya ni sawa? Shemeji akasema hasa. Nesi akafuta alichoandika. Nilimwona. Alifuta mistari yangu yote.

Halikuishia hapo. Akachukua maandishi yangu kwenye flashi, akayapa Mkimya. Kimya. Akafungua, kinyozi akabonyeza tena. Hesabu ikatoka, sahihi, pamoja na unene wa meno ya msumeno. Na chini yake: KARIBUNI NYOTE DARASANI.

Watu wakapiga makofi. Programu yangu mwenyewe iliwakaribisha kwenye darasa la shemeji.

Mkimya imewekwa. Mpima ni mwalimu. Mwenyekiti akachukua orodha ya wanafunzi, akaandika jina langu. Namba tisa.

Jumapili, 8 Juni

Sina la kuandika.

Shemeji alikuja. Hakukalia kiti changu. Akasema hesabu ile ya meno ya msumeno ni nzuri, yeye asingeiwaza. Akasema pia darasani atahitaji mtu wa kusimama naye mbele kuwaonyesha watu makosa, maana hakuna anayeyajua makosa kama mimi. Alisema kwa nia njema. Ndiyo mbaya zaidi.

Nikamwambia sisimami mbele kama kifaa cha maonyesho. Akasema basi. Mke wangu akamfungia mkate aende nao. Kisha akaja akakaa karibu nami, akasema tu kwamba watu walipiga makofi. Nikamwambia walimpigia Mpima. Akasema walipopiga, kilichokuwa kwenye skrini kilikuwa changu.

Nimelifikiria hilo. Halijanisaidia, lakini nimelifikiria.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka nimeelewa. Kosa si langu hata kidogo!

Kosa ni la waliozitengeneza. Chombo kikifaulu, kinanyamaza? Kuku akitaga yai moja tu mtaa mzima unajua. Mtoto akizaliwa watu hupiga vigelegele, hawakai kimya kama wamefumaniwa. Na kinachoshindwa ndicho kinapewa rangi nzuri! Dunia imegeuzwa juu chini na watu wenye elimu, na mimi wa darasa la nne ndiye pekee niliyezisoma kompaila hizi kama binadamu. Ulinganisho wangu ni sahihi. Ni kompaila zilizokosea.

Nimeanza programu mpya. Mambo ya pua yamekwisha. Hii inahusu masikio ya kinyozi. Nimeifungua nimeiacha hapo wazi niitazame. Shemeji anasema lazima kuifunga kwanza. Sifungi. Asubuhi hii nimebadilisha maneno mawili, nikaipa Buluu: sekunde moja! Na mstari mwekundu mrefu kuliko ule wa kwanza. Nadhani inanikumbuka.

Kuhusu darasa: namba tisa nitakwenda. Nitakaa benchi. Lakini nimegundua jambo ambalo Mpima, pamoja na futikamba yake, hakulipima. Mwalimu husimama mbele anapofundisha tu. Anayefuta ubao husimama mbele kila baada ya dakika kumi. Na akishaufuta, ubao ni mtupu, watu wamekodoa macho, chaki anayo mkononi. Atakayemrudisha benchi ni nani?

Nimemwandikia Mwenyekiti barua, nanakili hapa isije ikapotea:

"Mwenyekiti, shikamoo haikufai, wewe ni mdogo wangu, basi habari za leo. Ile meza yako ya kukatia vitambaa iliyokuwa ikiyumba, mvua zilizopita nani aliitia mguu mpya, akakataa hata soda? Uliniambia siku ile, 'Mzee Randa, ukiwa na haja ndogo yoyote, sema.' Nasema. Jumamosi nipe mimi kazi ya kufuta ubao. Shemeji usimwambie mapema, atapima. Na kama chaki za darasa hazijanunuliwa, unaweza kunipa moja ya zile zako za kuchorea vitambaa. Hata iliyobaki kipande."